Mwanguko wa mgonjwa

Kwenye faili la mgonjwa Kisangani huandikwa neno la Kifaransa, chute. Kando ya kitanda watu husema Kiswahili au Kilingala. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa chute ni tukio la mtu kujikuta chini, sakafuni au mahali pengine pa chini zaidi, bila kukusudia. Mimi naliita mwanguko, wingi mianguko, na kazi ya kuliepusha naiita kinga ya mianguko.

"Anguko" limekwisha kuzoea habari za Adamu na za tawala. "Kuanguka" nako watu wengi hukusikia kama kifafa, ndiyo maana mama akiulizwa, "Wewe huwa unaanguka?" atakana upesi: anaona anabandikwa ugonjwa. Nalo ndilo swali la kwanza katika kipimo cha Janice Morse cha hatari ya mianguko, kinachotumika katika nchi nyingi. Aliyeanguka ndani ya miezi mitatu hupewa alama 25 papo hapo. Afadhali muuguzi aulize, "Mama, miezi hii mitatu uliteleza, uliyumba, au ulijikuta chini?"

Maana ya Shirika la Afya Duniani inamkusanya pia mzee aliyeporomoka taratibu kutoka kitandani hadi kwenye mkeka wa ndugu anayemlinda. Ndugu husema, "Hakuanguka, aliteleza tu," na hakuna kinachoandikwa. Huo ni mwanguko, na uandikwe, hata kama hakuumia.

Lakini akiumia, mto nao huongeza mateso. Lubunga ndiyo komine pekee ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo, na daraja hakuna. Mgonjwa aliyelazwa huko kutibiwa malaria akianguka na kuvunjika nyonga, na akahitaji Kliniki za Chuo Kikuu zilizo ng'ambo, atateremshwa mtoni na kuvushwa kwa chombo, kila mtikisiko ukimchoma.

Nimechagua kinga badala ya kuzuia kwa makusudi. Ukisema kuzuia, wengine wataelewa kumkataza mgonjwa asiinuke, au hata kumfunga. Anayelazwa muda wote misuli yake ya miguu hulegea, na siku atakayosimama hatari itakuwa kubwa zaidi. Kinga imo katika kazi za kila siku. Kabla giza halijaingia, muuguzi anapita kuuliza nani ana haja, kwa sababu wengi huanguka wakielekea chooni. Dawa ya kukojoza, daktari akikubali, inatolewa asubuhi. Anayetumia kwinini anaangaliwa sukari, maana dawa hiyo huweza kuishusha na kuleta kizunguzungu. Anayeanza kuinuka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo asimame. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, asiende peke yake.

Chandarua nacho kitazamwe. Kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mgonjwa anaamka gizani na mpira wa serumu mkononi, anapapasa, mguu unanasa kwenye wavu, na hapo chini umelala mkeka wa ndugu. Mkeka uhamie upande ambao mgonjwa hautumii kushukia. Ndugu huyo, ambaye huku huitwa garde-malade, aonyeshwe namna ya kumshika mgonjwa. Naye mgonjwa aambiwe jioni, kwa lugha yake: "Mama, ukisikia haja, uniite. Usione haya, hii ndiyo kazi yangu."