Kabla ya kivuko, kabla ya ziwa: nyayo za kale tunazoweza kuwaonyesha watoto

Miaka 17,000 hivi iliyopita, mtu aliyetaka kutoka Sengerema kwenda Mwanza hakuhitaji kivuko wala daraja. Angekwenda kwa miguu. Pale Kigongo na Busisi, ambapo tangu Juni 19, 2025 tunapita juu ya Daraja la JPM lenye urefu wa kilomita 3, palikuwa nchi kavu. Wanasayansi waliotoboa tope la sakafu ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 walikuta chini yake udongo uliowahi kupigwa na jua, wenye alama za mizizi ya mimea. Ziwa lilikauka, kisha mvua ziliporudi likajaa upya. Aina nyingi za furu ambao wavuvi wetu wanawavua zimetokea baada ya maji hayo kurudi.

Kama kuna watu waliokatiza hapo Kigongo wakati ziwa limekauka, nyayo zao hatuna. Lakini ng'ambo ya Serengeti, kwenye ufukwe wa Ziwa Natron chini ya mlima Oldoinyo Lengai, zipo nyayo za watu waliopita kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Zipo wazi, juu ya ardhi, na mzazi anaweza kumshika mtoto mkono akamwonyesha.

Kwangu safari ya kwenda kuziona ilianza na dinosaria. Watoto waliwaona kwenye televisheni, wakaona pia familia za Ulaya zikitembea ufukweni na kusimama kwenye nyayo za wanyama hao. Fukwe za namna hiyo zipo kweli. Katika kisiwa cha Skye huko Scotland, kwenye ufukwe wa An Corran, nyayo za dinosaria huonekana maji yanapokupwa, kama mchanga haujazifunika. Wanangu wakataka kujua: ziwani kwetu ziko wapi?

Kwetu haziwezi kupatikana, na sababu yake iko kwenye mawe yetu. Miamba ya Sengerema, Geita na Mwanza, hiyo hiyo inayobeba dhahabu na ile mikubwa iliyopandana kando ya ziwa, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilikuwa imeshaganda zamani sana kabla mnyama yeyote hajaota mguu. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Ziwa Victoria lenyewe halijafikisha hata miaka milioni moja. Tuna mwamba uliotangulia mno na tope lililochelewa mno. Tabaka la katikati, ambalo lingetunza unyayo wa dinosaria, kwetu halipo.

Lindi ndiko walikoacha mifupa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ikitokeza ardhini katika kilima cha Tendaguru, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani wakaendesha uchimbaji mkubwa. Waliochimba ni watu wa Lindi. Waliofunga vipande vya mifupa na kuvibeba kichwani mpaka bandarini, mwendo wa siku kadhaa, ni watu wa Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 jina lake lilipewa aina moja ya dinosaria iliyotoka kilimani hapo, Australodocus bohetii. Enzi za wanyama hao, miaka milioni 150 iliyopita, Tendaguru ilikuwa pwani ya bahari, yenye tope na maji ya kupwa na kujaa. Mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa Berlin mpaka leo. Mtoto wa Kitanzania anayetaka kumwona inambidi apande ndege. Jambo hilo linaniuma, na sidhani kama ni mimi peke yangu.

Nyayo lakini hazikusafirishwa. Na nyayo, kwa maoni yangu, zina habari ambayo mifupa haina. Mifupa hukuonyesha kiumbe alipofia. Unyayo hukuonyesha akiwa hai, anakwenda mahali fulani, pengine na wenzake.

Zilizo maarufu zaidi duniani ziko Laetoli, Ngorongoro. Mwaka 1976 watafiti wa kambi ya mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Andrew Hill akaanguka katika kukwepa, akajikuta uso kwa uso na alama za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Miaka miwili baadaye Paul Abell akaona alama ya kisigino kilichofanana na cha mtu. Walipochimba walipata nyayo 70 hivi katika mstari wa mita 27, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Mizizi ya miti ilipoanza kuzitishia, zilihifadhiwa na kufukiwa upya katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo leo huzioni zenyewe. Unaona nakala yake kwenye Makumbusho ya Olduvai. Mwaka 2015, wakati wa kukagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho, Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walipata nyayo nyingine, mita 150 tu kutoka zile za kwanza.

Za Natron ndizo nilizotaka familia yangu izione, kwa sababu hizo ni za watu kama sisi, na hazijafukiwa.

Tulipitia Shinyanga, Singida na Babati hadi Mto wa Mbu, tukashika barabara ya vumbi ya Engaruka kuelekea kijiji cha Ngaresero, ambacho kwenye maandishi ya kisayansi huitwa Engare Sero. Kijana wa Kimaasai alitupeleka asubuhi na mapema, maana jua likipanda pale hapakaliki. Ukifika unaona uwanda wa kijivu, mgumu, na mlima ule mkali nyuma yake. Kisha macho yanazoea. Unaanza kuona visigino. Unaona kidole gumba kilivyozama kuliko vingine, na tope lilivyojikunja pembeni mguu ulipoteleza kidogo. Binti yangu mdogo alichuchumaa karibu na mmoja, akaweka mguu wake kando, bila kuugusa, apime. "Baba, huyu ni mkubwa kama mama," akasema.

Hakuwa mbali na walichosema wataalamu. Pale kuna nyayo zaidi ya 400. Mwanakijiji wa Kimaasai, Kongo Sakkae, ndiye aliyeziona na kutambua kwamba si mawe ya kawaida. Wanasayansi walifika baadaye, na mwaka 2016 timu ya Cynthia Liutkus-Pierce ikachapisha umri wake. Mwaka 2020 Kevin Hatala na wenzake wakaeleza waliokuwa wakitembea. Kundi moja la watu 17 lilikuwa likielekea kusini-magharibi kwa mwendo wa pamoja, na kwa vipimo vya miguu inaelekea walikuwa wanawake wazima 14, wanaume wazima wawili na kijana mmoja wa kiume. Watafiti waliwalinganisha na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wanawake wao huenda pamoja kutafuta chakula, na mara nyingine mwanamume huwasindikiza. Watu wengine sita walipita wakielekea upande wa pili, kila mmoja kwa kasi yake, mmoja akionekana kukimbia.

Zilidumuje? Majivu ya Lengai yalishushwa na maji mpaka ufukweni yakawa tope. Watu wakakanyaga likiwa bichi. Likakauka haraka, pengine kwa saa chache au siku chache, kisha likafunikwa na tabaka jingine. Kila fundi wa Sengerema anajua jambo hili: kuku akikatiza sakafu ya saruji ambayo haijakauka, utaishi na miguu yake mpaka nyumba ibomoke. Ukingo wa ziwa letu hauna majivu ya kugandisha kitu. Wimbi moja tu, na mguu wa mvuvi umefutika.

Na za Ngaresero nazo hazina dhamana ya milele. Zimefunuliwa na mmomonyoko, na mmomonyoko huohuo unaendelea kuzila. Picha za kipimo zimepigwa kwa ajili ya kumbukumbu, lakini picha haitamfanya mtoto achuchumae apime mguu wake.

Nawaomba walimu na wazazi wenzangu wa Sengerema na Buchosa: safari za shule zinapopangwa, makumbusho ya Olduvai yawemo, na mwenye uwezo wa kufika Ngaresero afike, amchukue kiongozi wa kijijini, na asiruhusu kiatu kukanyaga nyayo. Pia tuwafundishe vijana wetu kutazama chini. Kando ya ziwa hili hili, kwenye kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya, mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la sokwe wa kale wa miaka milioni 18 hivi. Anayechimba kisima, udongo wa matofali au mchanga akikutana na mfupa uliogeuka jiwe, au alama asiyoielewa, asiuvunje na asiuuze. Auache palepale alipoukuta, atoe taarifa ofisi ya serikali ya kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka afanye hivyo.