Foto ya jalada la diski: kuko anayeipiga, kuko anayeichagua

Jalada la diski, ile wengi wanaita poshete, ni karatasi ngumu inayofunika diski ya muziki. Zamani mengi hayakuwa na picha. Kazi yake ilikuwa kulinda diski isikwaruzike. Kuanzia mwaka 1940, kule Marekani, Alex Steinweiss, mchoraji wa kampuni ya Columbia, akaanza kuyatia michoro, na diski zikauzwa zaidi. Jalada la diski kubwa lina upana wa sentimita 30 hivi, nafasi ya kutosha kwa foto. Wanamuziki wa roki waliitumia vizuri sana.

Kuko foto zinazopangwa. Tarehe 8 Agosti 1969, The Beatles walivuka barabara ya Abbey Road, London, karibu na studio yao. Mpiga foto Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akasimamisha magari. Dakika kama kumi, foto sita, basi. Ikachaguliwa ya tano. Mbele ya jalada hawakuandika hata jina la kikundi.

Na kuko foto zinazokuja zenyewe. Mwezi Septemba 1979, The Clash walicheza katika ukumbi wa Palladium, New York. Walinzi walizuia watu kuinuka kutoka kwenye viti, na Paul Simonon, mpiga gitare la besi, akakasirika. Akageuza gitare na kulipasua kwenye jukwaa. Pennie Smith alikuwa karibu. Akapiga foto huku akirudi nyuma, njo maana ilitoka na ukungu.

Yeye mwenyewe hakutaka itumiwe: haiko wazi. Lakini mwimbaji Joe Strummer na mchoraji Ray Lowry walishikilia ile ile. Ikawa jalada la London Calling, na herufi za waridi na kijani kama kwenye diski ya kwanza ya Elvis Presley, ya 1956. Mwaka 2002, gazeti Q la Uingereza likaiweka namba moja kati ya foto zote za roki. Ule ukungu ndio unaonyesha hasira ya ile usiku. Foto safi ingeonyesha gitare tu.

Leo, kwenye simu, jalada limekuwa dogo kama stempu, na mara nyingi jina la aliyepiga foto halionekani popote. Wimbo unajulikana, mwimbaji anajulikana. Aliyesimama mbele ya lile gitare anasahaulika.