Picha nyeusi na nyeupe: Subira ya chumba cha giza

KABLA ya kamera za dijitali kuenea, picha nyeusi na nyeupe zilisafishwa katika chumba cha giza. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha studio ya Capital Art mwaka 1930, na mwanawe, Rohit, akairithi kazi hiyo.

Anayejifunza huziba mwanga wote wa nje, akaacha taa nyekundu hafifu isiyoharibu karatasi. Negativu huwekwa kwenye mashine ya kukuzia, nayo taswira huangukia juu ya karatasi. Kwanza hujaribiwa kipande kidogo, kikifunikwa hatua kwa hatua kila baada ya sekunde 5, ili kupata muda unaofaa.

Karatasi kisha hupitia trei tatu. Dawa ya kwanza hutoa picha, ya pili huisimamisha ile ya kwanza, na ya tatu huondoa chumvi za fedha zilizosalia. Joto linalofaa ni nyuzi 20 hivi. Kwa hiyo Dar es Salaam trei hupozwa kwa barafu, na Lushoto wakati wa kipupwe dawa hupashwa moto.

Wanagenzi wengi hukosea mwishoni. Picha ikishatokea, hudhani kazi imekwisha. Dawa ya tatu ikibaki ndani ya karatasi, picha hugeuka manjano na kufifia. Karatasi yenye plastiki huoshwa kwa dakika chache katika maji yanayotiririka, lakini isiyo na plastiki huweza kuhitaji hata saa nzima.

Sura ya marehemu babu haipigwi mara ya pili.