Magari ya Kamezaki yarudi baharini

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba desturi ikikatika, imekufa. Haifai kuihangaikia tena. Leo tunataka kuwasimulia habari za mji mmoja wa bahari katika nchi ya Japani. Watu wake walizuiwa kufanya jambo kuu la sikukuu yao zaidi ya miaka 30, kisha wakalirudia. Twende pamoja kwa mawazo, tukaone walifanyaje.

Mji huo unaitwa Kamezaki. Uko katika jimbo la Aichi, kusini ya mji mkubwa wa Nagoya, kando ya ghuba yenye maji matulivu. Jina lake, kwa namna linavyoandikwa, maana yake ni rasi ya kasa, yule kobe wa baharini. Tangu mwaka 1937 Kamezaki ni sehemu ya mji wa Handa, lakini wenyeji hawakupoteza jina lao wala mambo yao. Zamani waliishi kwa uvuvi, kwa kutengeneza pombe ya mchele, na kwa merikebu za kuchukua mizigo. Pombe ya nchi ile ilisafirishwa kwa bahari mpaka Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Hivi fedha ziliingia, na kwa fedha hizo mababu zao walijenga magari ya sikukuu.

Magari hayo yanaitwa dashi. Msifikiri magari yenye mashini. Dashi ni kama nyumba ndefu ya mbao yenye ghorofa, imewekwa juu ya magurudumu manne mazito ya mti. Kamezaki ina magari matano, kila mtaa na gari lake. Yamepambwa kwa mapazia ya nguo nzuri zilizotariziwa, na kwa nakshi za mti zinazostaajabisha. Nakshi nyingine zilichongwa katika karne ya 19 na mafundi wa ukoo wa Tatekawa, watu wa Suwa, mji wa milimani, mbali na bahari. Magari hayo hayana usukani. Watu huyavuta kwa kamba, na wanaume wenye nguvu hushika miti mirefu iliyofungwa mbele na nyuma. Wakitaka kukata kona, huyasukuma na kuyainua kwa miti hiyo mpaka yageuke. Mmoja akilegea, wote hushindwa.

Juu ya gari kuna wanasesere wanaochezeshwa kwa nyuzi. Mafundi hujificha ndani, watazamaji hawawaoni. Gari moja huonyesha hadithi ya Urashima, ambayo kila mtoto wa Japani anaijua. Urashima alikuwa mvuvi. Alimwokoa kasa, naye kasa akamchukua mpaka jumba la ajabu chini ya bahari. Alikaa huko siku chache, kama alivyodhani. Lakini aliporudi kijijini alikuta miaka mingi mno imepita. Hakumjua mtu, wala hakuna aliyemjua yeye. Tuikumbuke hadithi hii, itatufaa mbele.

Sasa tutazame siku yenyewe. Sikukuu inaitwa Shiohi, maana yake ni maji kupwa. Ninyi mnaokaa kando ya maziwa yetu, mjue kwamba bahari ina jambo lake: kila siku maji yake hupanda na kushuka. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, hupanda sana na kushuka sana. Zamani sikukuu ilifanywa tarehe 15 na 16 ya mwezi wa tatu, kwa kalenda ya kufuata mwezi, yaani wakati wa mwezi mpevu wa majira ya kuchipua. Siku hizo maji huenda mbali, na mchanga mwingi hubaki wazi. Hapo magari yote matano yalivutwa toka barabarani, yakateremshwa pwani, mpaka ukingo wa maji, vijana wakiyakimbiza na kupiga kelele za furaha. Siku hizi sikukuu ni tarehe 3 na 4 Mei, maana ni siku za mapumziko katika nchi nzima.

Kwa nini kuteremka baharini? Wenyeji husimulia kwamba Jimmu, ambaye masimulizi ya kale humtaja kuwa mfalme wa kwanza wa Japani, alifika pwani hiyo kwa njia ya bahari. Kwa hiyo magari huenda pale aliposhukia. Wenye elimu ya historia huhesabu habari za Jimmu kuwa hadithi ya kale tu. Lakini jambo moja ni hakika: watu hao walipata chakula chao baharini, nao walikwenda kuisalimu bahari kwa vitu vyao vilivyo bora.

Halafu bahari ile ile iliwageukia. Tarehe 26 Septemba 1959, tufani kubwa ilipiga nchi ile usiku. Upepo uliyasukuma maji ya bahari juu ya nchi kavu, yakavunja kingo na kuingia nyumbani mwa watu. Katika Japani watu zaidi ya 5,000 walikufa au kupotea. Mji wa Handa ulikuwa kati ya miji iliyoumia sana.

Baada ya msiba huo, kuta za kuzuia bahari zilijengwa. Nani angeweza kuzikataa? Mtu aliyezika watoto wake hawezi kuambiwa kwamba sikukuu ni bora kuliko ukuta. Lakini ukuta huo uliziba njia ya pwani. Magari yaliendelea kutembea barabarani kila mwaka, lakini mchangani hayakushuka tena. Sikukuu ya maji kupwa ilibaki bila maji.

Hesabuni wenyewe. Kijana aliyevuta kamba pwani mwaka 1959 akiwa na miaka 20, mwaka 1993 alikuwa na miaka 54. Watoto wake walikuwa watu wazima, nao hawakuwa wameona gari mchangani hata mara moja. Miaka mingine michache, na jambo hili lingebaki katika picha tu.

Ndipo pwani mpya ilipotengenezwa kwa mikono ya watu, mchanga ukamwagwa mbele ya ukuta. Katika mwaka 1993 magari yalishuka tena baharini. Ukuta haukubomolewa, uhai wa watu ulilindwa, na desturi ikapata njia yake. Na waliokumbuka jinsi ya kulishusha gari zito katika mchanga bila kulipindua walikuwa bado hai kuwaongoza vijana.

Mwishoni mwa mwaka 2016, wajumbe wa UNESCO walikutana katika Addis Ababa, hapa Afrika. Waliandika sikukuu 33 za magari za Japani katika orodha ya urithi wa watu wote, na ya Kamezaki imo. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haivuti kamba.

Urashima alirudi amechelewa, hakukuta mtu wa kumjua. Magari ya Kamezaki yalirudi wakati wazee wangali wakiyajua. Basi na sisi tujiulize: nani katika kijiji chetu anajua bado kuchonga mtumbwi, kuwamba ngoma, kusimulia habari za ukoo? Je, kuna kijana anayekaa karibu naye? Tusingoje mpaka aliyejua awe amezikwa. Kamba hushikwa na wawili: mzee mbele, kijana nyuma.