Moyo unapoharakishwa ili vali mpya ikae

Vali ya aota ni mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini. Kwa wazee wengine mlango huo hushika chokaa, ukakaza na kukosa kufunguka vizuri. Mgonjwa huishiwa pumzi, huumwa kifua, pengine huzimia. Tarehe 16 Aprili 2002, huko Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka vali mpya bila kupasua kifua, kwa kuipitisha ndani ya mshipa wa damu kwa mrija mwembamba uitwao katheta. Leo wengi hutibiwa hivyo.

Lakini moyo ukiendelea kusukuma damu kwa nguvu, unaweza kuisogeza vali kabla haijakaa mahali pake. Kwa hiyo, ikiwa vali inafunguliwa kwa puto, madaktari huharakisha moyo kwa umeme mdogo, mara nyingi hadi mapigo 180 hivi kwa dakika. Mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100. Kwa mwendo huo moyo haupati nafasi ya kujaa damu, presha hushuka, na vali hutulia. Kisha umeme hukatwa na moyo hurudia mwendo wake. Ni jambo la sekunde chache.

Ufupi huo ndio usalama wa mgonjwa. Umeme ukikaa sana au ukirudiwa mara nyingi, figo, ubongo na moyo wenyewe hupungukiwa damu. Moyo uliokwisha kudhoofika unaweza kukawia kupata nguvu. Vali zinazojifungua zenyewe mara nyingi hazihitaji mwendo mkali hivyo.

Baadaye, vali mpya inaweza kubana njia za umeme wa moyo. Mgonjwa 1 hivi kati ya 10, au zaidi kwa aina fulani za vali, huwekewa pesimeka ya kudumu. Hiyo si alama ya imani haba. Luka naye alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Ndugu wapendwa, kabla jamaa hawajauza shamba ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo, waulize: ni vali gani inayougua, na kwa sababu gani? Kwetu, vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Mara nyingi huumia vali nyingine, ambayo haitengenezwi kwa njia hii. Mtoto mwenye koo na homa apelekwe mapema kwenye kituo cha afya. Penisilini huzuia mengi.