Maneno ya 1935 ndani ya sheria ya mtandao

Haya wasomaji wangu, leo tuweke msimbo kando tuzungumzie miswada ya Bunge. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni. Sisi wasanidi programu tuna tabia ya kunakili msimbo wa mwenzetu na kuubandika kwetu bila kuuliza uliandikiwa kazi gani. Watunga sheria nao hawajambo!

Mwaka 1935 Uingereza ilirekebisha sheria yake ya posta, ikafanya kuwa kosa kutuma kwa simu ujumbe wa kuudhi kupita kiasi. Maneno hayo yakahamia sheria yao ya mawasiliano ya 1984. Kenya ilipotunga Sheria ya Mawasiliano ya 1998, yakaingia kwetu karibu neno kwa neno kama kifungu cha 29. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo cha miezi 3, au vyote viwili.

Wakati huo nani angejali? Facebook ilizaliwa 2004. Hata mswada wa kurekebisha sheria hiyo ulipoletwa 2008, kelele nyingi zilihusu kifungu cha 88, kile cha serikali kuvamia vituo vya utangazaji. Cha 29 kikabaki pale pale.

Kilipoamka, kiliwapata watu wa mtandao. Mwaka 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa sababu ya maneno aliyoandika Facebook. Akaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta: maneno yake hayakufafanuliwa, kwa hiyo mwananchi hawezi kujua kosa linaanzia wapi. Miaka 18 imepita!

Mngedhani hadithi imeisha. Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Nenda kifungu cha 27, kuhusu kuwasumbua watu mtandaoni: kuudhi kupita kiasi kumerudi. Safari hii faini ni hadi shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 10. Piga hesabu: faini mara 400, kifungo mara 40. Mahakama ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo mwezi huo huo, lakini Februari 2020 kesi ikatupwa na vifungu vikaanza kufanya kazi.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mei 2025 msanidi programu mmoja alikamatwa Nairobi baada ya kutengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa kifungu kingine cha sheria hiyo ya 2018, na mwezi uliofuata mahakama ikayatupa mashtaka.

Ndiyo maana mswada mpya ukichapishwa katika Gazeti Rasmi, mimi huusoma kama msimbo. Natafuta neno lisilofafanuliwa, kiwango cha adhabu, na mahali maneno yalikotolewa. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na kamati hupokea maoni baada ya mswada kusomwa mara ya kwanza. Kuandika ukurasa mmoja wakati huo ni rahisi kuliko kwenda mahakamani baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, wewe umewahi kusoma mswada mzima? Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.