Kumbukumbu za Vikao vya Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi (Marekani)
Kumbukumbu hizi ni mihtasari, yaani maandishi rasmi ya yaliyojadiliwa na kuamuliwa, ya chombo cha serikali kilichoundwa kwa Sheria ya Wagner ya mwaka 1935 ili kusimamia kura ambazo wafanyakazi huchagulia chama cha kuwawakilisha, na kuamua mashauri dhidi ya waajiri wanaokiuka haki hiyo ya kuchagua. Bodi ilianza na wajumbe 3, wakaongezwa kuwa 5 mwaka 1947. Nyaraka zake za kudumu ni Fungu la 25 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Sheria ya vikao vya wazi ya mwaka 1976 huzitaka taasisi za aina hii zikutane hadharani, lakini, na hapa pana kinaya, huruhusu mlango ufungwe panapojadiliwa uamuzi wa mashauri, ambao ndio kazi kuu ya Bodi. Hata hivyo, kikao cha faragha hakina budi kuacha rekodi kamili ya mazungumzo au kumbukumbu zinazoeleza mambo yaliyozungumzwa, hatua zilizochukuliwa na sababu zake, pamoja na kura ya kila mjumbe pale kura inapopigwa, nazo hutunzwa kwa angalau miaka 2.